Maji ya kunywa wakati wa masika: tunavyojiandaa sisi wa bonde la Msimbazi

Kila masika nikipita nyumba kwa nyumba naulizwa swali lilelile: "Mama, mvua imenyesha usiku kucha, mtaa mzima umejaa maji, mbona bombani hakuna hata tone?"

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nakaa Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremka kuelekea Mto Msimbazi, na nyumba yetu ina wapangaji wenye watoto wadogo. Kwa hiyo habari ya maji inanihusu nikiwa kazini, na inanihusu nikiwa nyumbani na ndoo mkononi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia majirani zangu kuanzia Februari, kabla wingu la kwanza halijakaa vizuri.

Tuanze na hilo swali la bomba, kwa sababu ukijua jibu lake utajua na la kufanya. Maji mengi ya jiji letu yanatoka Mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Mvua ikipiga Morogoro, mto unateremka na tope, magogo na kila kilichokokotwa njiani. Maji yakiwa mazito hivyo yanataka dawa nyingi na muda mrefu wa kutulia, na mtambo unalazimika kupunguza uzalishaji. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Bomba lililopita kwenye korongo au kando ya daraja, mafuriko yanakula udongo chini yake mpaka linabaki linaning'inia, kisha linavunjika. Oktoba na Novemba 2022 tulipata mgao kwa sababu Ruvu ilikuwa imepungua kwa ukame. Masika mgao unakuja kwa sababu mto huohuo umefurika.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Bomba likiwa na presha, maji yanavuja kutoka ndani kwenda nje. Presha ikiisha, kila tundu na kila kiungo kilicholegea kinaanza kunyonya maji ya nje kuingia ndani, na nje masika kuna dimbwi lililochanganyika na vinyesi. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao ni ya kuogopwa kuliko yote. Na ndiyo maana nawasihi majirani wasifunge mota moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ili "kuvuta" maji. Mota ile inanyonya kwa nguvu, na inachonyonya ni pamoja na uchafu wa mtaro uliopita juu ya bomba bovu la jirani. Mota ifungwe kwenye tangi lako mwenyewe, ivute maji ambayo tayari yameshaingia.

Sasa angalia upande wa juu. Wakati kisima kimeingiwa, bomba limekauka na mto umebeba choo za watu, mvua inayoanguka kwenye paa lako ni safi kuliko maji yoyote utakayoyapata wiki hiyo. Yakishagusa ardhi ya Kigogo, Jangwani, Vingunguti au Bonde la Mpunga, yameharibika. Maarifa yote ya masika ni kuyakamata kabla hayajagusa ardhi, kisha kuyalinda yasikutane na yale yaliyoigusa.

Februari: vyombo, paa na choo

Hesabu kwanza watu wa nyumbani. Mtu mmoja anahitaji lita tatu mpaka nne kwa siku za kunywa na kupikia tu. Nyumba ya watu sita ni kama ndoo moja kubwa ya lita 20 kila siku, au zaidi kidogo kukiwa na anayenyonyesha au mgonjwa. Kwa wiki moja ni madumu saba. Hayo ndiyo ya kulinda kwa wivu. Ya kuoga, kufua na kudekia ni hesabu nyingine, na yanaweza kuwa maji ya hali ya chini.

Madumu ya mdomo mwembamba ndiyo bora kwa maji ya kunywa, kwa sababu mkono wa mtoto hauingii. Ndoo yenye koki chini ni nzuri zaidi kama unaweza kuipata. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mimea usilitumie hata ukiliosha mara mia. Osha dumu kwa maji ya sabuni na changarawe safi kidogo ndani, litikise mpaka utelezi utoke, suuza, kausha juani ungali unalo hilo jua.

Weka alama. Kwangu madumu ya kunywa yamefungwa kitambaa chekundu shingoni, na mpangaji yeyote, hata mgeni aliyefika jana, anajua hilo haliogei mtu. Yakae juu ya meza au kwenye kichanja, juu kuliko alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Nyumba nyingi za bondeni bado zina ile alama ya kahawia ukutani. Usiipake rangi. Hiyo ndiyo inayokuambia kichanja kiwe urefu gani.

Kabla sijafika kwenye paa, niseme la choo, maana ndilo linaloniuma. Wapo wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe choo: wanatoboa shimo, kinyesi kinaondoka na maji. Kinaondoka kwenda wapi? Kwa jirani wa chini, kwenye kisima cha msikiti, kwenye mtaro ambao watoto wanarukaruka. Nimeshaingia nyumba ambayo mama analia mtoto anaharisha, na nyumba ya juu yake wamelala salama kwa kuwa choo chao kimepungua. Nasema haya nikiwa nawapenda wote wawili. Nyonya choo Februari, wakati gari la majitaka bado linaweza kuingia mtaani bila kuzama. Kama uchochoro wenu ni mwembamba, vipo vikundi vinavyotumia pampu ya mkono na mapipa. Wapangaji na mwenye nyumba mchangishane. Ukiona mtu anatapisha, mwambie mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku hiyohiyo, na uwaambie majirani wa chini wasichote popote.

Kukamata mvua ya paa

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita kumi kwa nane ina paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita kumi, ambayo masika ni ya kawaida kabisa, inakupa lita 800. Toa humo moja ya tano inayorukia pembeni na kupotea kwenye viungo, unabaki na lita 640. Siku ya mvua kubwa ya milimita 50, paa hilohilo linakupa zaidi ya lita 3,000. Dar inapata kama milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, nyingi zikiwa kati ya Machi na Mei. Watu wananunua maji ya guta huku mvua inamwagika kutoka kwenye bati lao na kuchimba mashimo uani.

Huhitaji paa zima. Anza na upande mmoja. Gata ya bati au ya plastiki ifungwe ikiwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye tangi, bila bonde katikati, kwa sababu penye bonde maji yanalala na mbu wanataga. Kata matawi ya mwembe au mzambarau yaliyoinamia paa. Kunguru wa Dar hawana adabu, wanakaa palepale kwenye matawi na kuacha vyao juu ya bati.

Paa likikaa siku kadhaa bila mvua linakuwa na vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Maji ya kwanza lazima yamwagwe. Kanuni ninayoitumia ni nusu milimita: kwa paa la mita za mraba 40, mwaga lita 20 za kwanza, kwa 80, lita 40. Ukitaka ijifanye yenyewe, mwambie fundi asimamishe bomba la inchi nne kando ya lile linaloingia kwenye tangi, lizibwe chini kwa kifuniko cha kufungua. Mita moja ya bomba hilo inabeba kama lita nane. Maji machafu ya mwanzo yanalijaza, likishajaa yanayofuata yanapita kwenda kwenye tangi. Mvua ikiisha, fungua kifuniko, mwaga, funga tena. Kama hela ya fundi haipo, bomba la kuingilia liwe la kuchomoa: liache limwagike nje dakika kumi mpaka robo saa za mwanzo, kisha lirudishe. Kazi hiyo anaiweza kijana wa darasa la tano, na wa kwangu anaipenda kwa sababu inampa ruhusa ya kulowa.

Kwenye mdomo wa tangi weka wavu laini wa mbu, ulionyooshwa vizuri, usiopwaya. Wavu huo unazuia majani, na unazuia mbu wa dengi, anayependa maji safi yaliyotulia karibu na nyumba. Mwaka 2019 dengi iliwalaza wengi hapa jijini, na mapipa yetu yasiyofunikwa yalichangia.

Simtank ya lita 1,000 ikijaa ina uzito wa tani moja, sasa usiiweke juu ya tofali nne na ubao. Jenga msingi wa tofali, ujaze mchanga ulioshindiliwa, mwaga zege juu. Sisi wa bondeni tuuinue msingi mpaka koki ya chini iwe juu ya ile alama ya kahawia. Kisha kumbuka jambo ambalo limewatoa machozi watu wengi: tangi tupu linaelea. Mafuriko yakiingia uani, simtank isiyo na maji inanyanyuka, inang'oa mabomba na kuondoka nayo. Lililojaa linatulia mahali pake. Kwa hiyo ukisikia mvua kubwa inakuja, usiache tangi likiwa robo.

Kwa wenye tangi la chini ya ardhi, nasema wazi: bondeni silipendi. Kama tayari unalo, inua shingo yake kwa zege juu ya usawa wa mafuriko na uweke kifuniko kinachobana. Vinginevyo ni shimo la kukusanyia mtaro.

Maji ya paa ni masafi, lakini kwa kunywa bado tunayatibu, kwa namna nitakayoeleza mbele kidogo. Na mwisho wa Mei, mvua zikianza kuachia, safisha gata, kisha jaza tangi kwa mvua za mwisho. Paa limeshaoshwa miezi mitatu, hakuna maji ya paa mazuri kama hayo. Yafunike, yatakufikisha mbali kwenye kiangazi.

Tangazo la TMA likitoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo, halafu tahadhari, halafu tahadhari kubwa, kadiri hatari inavyopanda. Watu wa milimani wanaweza kusubiri tahadhari. Sisi tunaanza kwenye angalizo, kwa sababu Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na mvua ikinyesha huko juu, maji yanatufikia hata kama kwetu pamekauka.

Jaza kila chombo siku hiyo. Funga koki kuu ya bomba linaloingia nyumbani, ili maji ya mafuriko yasiingie kwenye tangi lako kupitia huko. Toa mota ya kisima, ipandishe juu. Funika kisima, juu ya kifuniko weka turubai, lifunge kwa kamba na tofali. Chaji simu. Vidonge vya kutibu maji, kiberiti, ORS (ile dawa ya unga ya kumrudishia maji mwilini anayeharisha) na kadi za kliniki viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, ndani ya beseni lenye mfuniko. Wazee wakumbushwe mapema, bibi yangu mmoja hapa mtaani hasogei mpaka umsalimie vizuri, ukae naye kidogo, ndipo umwambie: "Bibi, leo tunalala kwa mwanao kule juu." Ukimkimbilia usiku maji yakiwa magotini, atagoma.

Desemba 2011 zilinyesha mvua ambazo jiji halikuwa limeziona tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Waliobaki hapa wanajua kwamba maji ya Msimbazi hayapigi hodi. Ukiambiwa ondoka, ondoka na dumu moja la kunywa na ule mfuko. Godoro litanunuliwa jingine. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Maji yakishaingia

Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa pakavu. Kama huwezi, toka nje. Watoto wasicheze kwenye maji, hata kama yanaonekana matulivu. Mwenye kidonda mguuni avae mabuti au akae juu. Mkojo wa panya ukiingia kwenye maji unaleta homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022, na inapitia kwenye michubuko ya ngozi.

Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo, kitupwe. Sufuria na sahani zilizolowa zioshwe kwa sabuni, kisha zisuuzwe kwa maji yenye dawa. Chupa ya mtoto ya maziwa ichemshwe.

Wauza maji watapita na guta na boza. Usione aibu kuuliza: "Kaka, umechota wapi?" Akisema kisima, uliza kisima gani. Kama ni kile unachokijua kilifunikwa na mafuriko, nunua ya kufulia tu. Na hata akisema ya bomba, yale ya kunywa yatibu. Simlaumu muuzaji, naye anatafuta riziki, ila dumu lake limeburuzwa kwenye tope kutwa nzima.

Kuyatibu maji ya kunywa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaruka hatua.

Maji yenye tope hayatibiki vizuri. Dawa inaishia kupigana na tope, vijidudu vinabaki. Kwa hiyo kwanza yatulize. Yaache kwenye ndoo yaliyofunikwa usiku kucha, asubuhi mimina ya juu polepole, acha mashapo chini. Yakigoma kutulia, tumia shabu, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili: kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, kisage, koroga kwenye lita 20 kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika chache, acha saa moja au mbili. Utaona tope linashikana na kuzama. Wenye mlonge uani wanaweza kutumia mbegu zake zilizokauka: menya, twanga, changanya unga na maji kidogo safi, chuja, mimina kwenye ndoo na koroga vivyo hivyo. Kwa ndoo ya lita 20 yenye tope la kutosha nahitaji mbegu kumi au zaidi, mpaka ishirini yakiwa mazito sana. Mbegu za mlonge huondoa tope, vijidudu haziviui vyote. Baada ya hapo dawa ni lazima.

Halafu chuja. Kanga kuukuu ya pamba ikunjwe mara nne ni chujio zuri kuliko kanga mpya, kwa sababu nyuzi za pamba iliyofuliwa sana zimevimba na matundu yamekuwa madogo. Kina mama wa vijiji vya Bangladesh walitumia sari kuukuu kwa namna hiyo, na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Kitambaa kifuliwe na kuanikwa kila baada ya kuchuja, na upande uliokuwa juu usiugeuze kuwa chini.

Sasa dawa au moto. Kuchemsha kunaua kila kitu kinachohusika hapa, na dakika moja ya kutokota hasa, mapovu makubwa yakipanda, inatosha kwa sisi wa pwani. Tatizo ni mkaa. Masika mkaa ni ghali na umelowa, na nyumba yenye watu sita haiwezi kuchemsha ndoo nzima kila siku. Kwa hiyo nawashauri wengi vidonge, kama WaterGuard. Kidonge cha kawaida cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Yakiwa bado na ukungu, soma paketi, mara nyingi inaelekeza viwili. Tia, koroga, funika, subiri dakika 30. Watu wengi wanachota baada ya dakika tano kwa kuwa mtoto ana kiu, na hapo ni sawa na kutotia. Baada ya nusu saa nusa: harufu ndogo ya klorini ikiwepo, dawa bado ina nguvu, maji yako yanalindwa. Harufu ikiwa haipo kabisa, uchafu umeimaliza dawa, na inabidi uchuje upya na kutia tena. Wanaolalamika ladha, wamimine kutoka jagi moja kwenda jingine mara kadhaa kabla ya kunywa, itapungua.

Ile njia ya kuanika chupa za plastiki juani saa sita ni nzuri sana Januari. Masika jua halipo, na wingu likitanda inataka siku mbili mfululizo. Usiitegemee.

Maji yakishatibiwa yakae mle mle yalimotibiwa. Ukiyahamishia kwenye mtungi usiooshwa, kazi yote imepotea. Mimina, usichovye. Kikombe kinachozamishwa na vidole kimewarudisha hospitali watoto waliokuwa wanakunywa maji ya kuchemsha.

Kusafisha tangi na kisima

Tangi lililoingiwa na mafuriko: toa maji yote, sugua kuta kwa brashi iliyofungwa kwenye mti ukiwa nje. Usiingie ndani ya tangi lililofunikwa peke yako. Suuza, toa mashapo. Kisha jaza maji safi na tia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ya asilimia 3.5, isiyo na manukato: lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za tangi. Fungua kila koki mpaka harufu itoke, funga, acha saa 24. Siku ya pili mwaga yote kupitia koki hizo ili na mabomba yaoshwe, jaza upya, ndipo utumie. Dawa hiyo usiichanganye na dawa ya choo wala siki, hewa yake inaweza kukuua.

Kisima kifupi cha kuchimbwa kinataka subira. Usianze mpaka maji ya juu ya ardhi yamekauka kukizunguka, la sivyo unasafisha na kinachafuka upande wa pili. Toa maji taratibu. Ardhi ikiwa bado imelowa na ukakikausha haraka, kuta zinaweza kuanguka. Mota ya petroli ikae nje, mbali na mdomo, kwa maana moshi wake ukishuka ndani unaua aliyeko chini bila yeye kujua. Toa tope, sugua pete za zege. Maji yakirudi, pima kina: kisima chenye upana wa mita moja kina kama lita 785 kwa kila mita ya kina cha maji. Tia lita moja na robo ya dawa ileile ya asilimia 3.5 kwa kila mita hiyo, koroga kwa ndoo, funika, mtu asichote kwa siku nzima. Kisha toa maji mpaka harufu iishe.

Hata hivyo, visima vyetu vya hapa bondeni viko hatua chache kutoka kwenye vyoo, na masika maji ya ardhini yanapanda yanakutana na shimo. Ukikisafisha leo, baada ya wiki uchafu umerudi kupitia chini. Mimi nimekubaliana na wapangaji wangu kwamba kisima cha uani ni cha kufulia, kuogea na chooni, mwaka mzima.

Na bomba likirudi, fungua koki iliyo karibu zaidi na mita, acha yatiririke mpaka yawe maangavu, yale ya mwanzo kingia ya kumwagia choo. Usiyaelekeze kwenye tangi mpaka yamenyooka. Siku chache za mwanzo endelea kutia kidonge hata kama yanang'aa.

Mtu akianza kuharisha

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa kusimuliwa tu. Ukiona mtu anaharisha majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele, mara kwa mara, pengine na kutapika, mpe ORS papo hapo, paketi moja kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa. Huna paketi? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo bila kuacha, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Wakati anakunywa, mwingine atafute usafiri kwenda zahanati, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, kwa sababu mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara, na kinyesi kiingie chooni, kisimwagwe mtaroni.

Ukishamfikisha, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako siku hiyohiyo, usione haya. Hatuji kukuaibisha. Tunakuja kuona ndoo mliyokuwa mkinywa na mahali mlipochota, ili nyumba zinazochota hapohapo zipate vidonge kabla ya jioni.